Upande wa Kushoto wa Mlango

Watu wakiniuliza Ondimu alipataje udiwani huku Texas, mimi huwajibu kwamba alipewa na mama yake. Wanacheka. Wanadhani ni mzaha wa mke aliyechoka na mumewe. Kuchoka nimechoka, sibishi, lakini mzaha hapo hakuna.

Wacha nianze mwanzo, maana nikianzia katikati mtamwonea, na mimi sitaki mtu aonewe, hata kama ni yeye.

Tulifika Arlington mwaka 1993. Karatasi zilikuwa zangu. Mimi ndiye nesi, mimi ndiye Amerika ilinihitaji, yeye aliandikwa nyuma ya jina langu tu. Miezi ya kwanza alishinda kwenye kochi akitazama televisheni na kunung'unika kwamba chai ya huku haina ladha. Halafu siku moja kijana mmoja wa Eldoret, Kiprop, akakwama kiwanja cha ndege bila mtu wa kumpokea, na mtu fulani akampa namba yetu ya simu. Ondimu akachukua Toyota yangu akaenda kumleta. Sijui aliona nini kwenye uso wa yule kijana pale alipotajiwa jina kwa lafudhi ya nyumbani. Ninachojua ni kwamba alirudi ameketi wima kwenye usukani, na habari ya chai sikuisikia tena.

Tangu hapo akawa ndiye mpokeaji. Mkenya aliyeshuka Dallas alilala kwetu kwanza. Ondimu alimzungusha kutafuta nyumba, akampeleka kwenye mtihani wa udereva, akamtafutia kazi ya bohari au ya kutunza wazee. Hakuna alichodai. Alikuwa akimshika mtu bega na kumwambia, "Ndugu yangu, siku moja na wewe utasimama na mimi." Basi. Na nani alikuwa akipika? Mimi hapa. Natoka zamu miguu imevimba, nasonga ugali wa watu nisiowajua hata majina, wanakula, wananawa, wanamgeukia yeye: "Asante sana, mwenyekiti." Mwenyekiti wa nini, jamani? Wakati huo hakuwa mwenyekiti hata wa kochi lile, maana nalo nililinunua mimi.

Lakini jina likimkaa mtu, kiti nacho humfuata. Akachaguliwa mwenyekiti wa jumuiya ya Wakenya. Akawa mzee wa kanisa. Harusini anakaa meza ya mbele, msibani anaongea wa mwisho. Akaanza kutembea polepole. Mwanamume wa miaka arobaini, mzima, anavuka maegesho ya supamaketi kana kwamba kuna askofu anamfuata nyuma. Binti yetu Kemunto alikuwa akimwigiza jikoni, tunacheka mpaka tunashika meza. Siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Kisha akataka ardhi. Mimi nilitaka nyumba ya kawaida Mansfield, karibu na shule, kama watu wengine. Akakataa. "Mama Kemunto," akaniambia, "hizo nyumba za mjini ni za kulala tu. Mimi nataka mahali nikisimama, naona changu mpaka jicho linachoka." Tukanunua ekari ishirini kwenye kamji kamoja kusini zaidi, kanaitwa Pecan Bluff, ng'ombe wengi kuliko watu. Nyumba ya mbao iliyochakaa, uzio wa seng'enge, na udongo mweusi unaonata kwenye viatu mvua ikinyesha. Mimi kazi yangu ilibaki kule kule Arlington. Nikawa naendesha gari mpaka redio inanichosha.

Sasa niwaambie habari za mama yake, Bosibori, kwa sababu yeye ndiye kisa chenyewe.

Nilimjua vizuri mwaka tuliokwenda Nyamira kumzika baba mkwe. Kwetu Kisii mume huzikwa upande wa kulia wa mlango wa nyumba yake, mke upande wa kushoto. Baada ya watu kutawanyika, alinishika mkono akanipeleka huo upande wa kushoto. Chai imepandwa mpaka ukutani pande zote, lakini pale aliacha kipande kitupu, kimefagiliwa safi kama sebule. "Hapa ni pangu," akasema. "Mzee yuko kule, mimi nitakuwa hapa, mlango katikati, tusikie nani anaingia na nani anatoka. Wewe ndiye mwenye kichwa hapa. Usikubali waniweke kwingine." Nikamwambia, sawa Mama.

Mwaka 2003 akaja kututembelea Texas. Mama mfupi, mkali, mwenye kicheko cha kushtukiza. Ng'ombe wa jirani walimkera kupita kiasi. "Hawana mchungaji? Wanaachwa tu hivyo? Hawa watu wana akili kweli?" Asubuhi alikuwa akisimama kwenye uzio akiwafokea kwa Kikisii, na wale ng'ombe, niamini, walikuwa wanakuja kumsikiliza. Tulipatana mno. Nikirudi kazini nakuta ameosha vyombo kwa mkono na mashine ya kuosha ipo pale. Siku moja akaniuliza bila kugeuka, "Na nikifia huku?"

"Ala, Mama! Maneno gani hayo?"

"Nimekuuliza."

"Nitakurudisha."

"Sema tena."

"Nitakurudisha, Mama. Upande wa kushoto."

Akanivuta sikio kwa mkono wenye sabuni, akacheka.

Alifariki Machi iliyofuata, asubuhi, akichambua maharagwe mezani. Kiharusi. Mimi nesi wa miaka mingi nilijua kabla sijamgusa. Kemunto alisimama mlangoni akasema, "Mom? Is she sleeping?" Nikamjibu kwamba bibi yake ameondoka. Nilifunga mdomo wa marehemu kwa leso, nikaokota maharagwe yaliyomwagika sakafuni, yote, nikayaosha. Sijui nilikuwa nayaosha ya nini.

Kanisa likaanza mipango ya kusafirisha mwili, kama tunavyofanya siku zote. Hiyo ilikuwa kazi ya Ondimu mwenyewe. Alikuwa amesafirisha maiti za watu wengi kuliko mtu yeyote Dallas nzima. Lakini siku ya pili akasimama sebuleni mbele ya wageni akasema, "Mama hasafiri. Atazikwa hapa, upande wa kushoto wa mlango wa nyumba yangu. Mimi ndiye kifungua mimba. Nyumba yangu ni nyumba yake."

Nikamfuata chumbani.

"Baba Kemunto, nilimwahidi."

"Wewe ulimwahidi. Mimi sikumwahidi."

"Amefagia mahali pake miaka yote hiyo."

"Wengine watafagia," akasema. Alikuwa akifunga tai. "Mtu hawezi kusema hapa ni kwake kama hana mtu wake ndani ya udongo. Unajua hivyo. Kila mtu kwetu anajua hivyo."

Niligombana naye. Msidhani nilinyamaza. Nilipiga kelele mpaka wageni wakatoka nje. Nilimpigia simu Mokaya, mdogo wake aliye Nyamira, akalia, akaongea na kaka yake, akalia tena, na visa ya kuja kumchukua mamake hana. Hospitalini, walikouhifadhi mwili, wanamtaka mwana atie sahihi, si mke wa mwana. Akatia.

Siku ya mazishi alialika mji mzima wa Pecan Bluff. Wakaja na vyakula vyao vimefunikwa foili, wakakaa kwenye viti vya kukodi, wakasikiliza nyimbo zetu bila kuelewa neno. Jeneza lilipokuwa linashuka, mzee mmoja mfugaji, jirani yetu, mtu ambaye hajawahi kutusalimu kwa miaka yote ile, alivua kofia akaishika kifuani. Watu wote walikuwa wanatazama jeneza. Ondimu alikuwa anaitazama ile kofia.

Mimi nilikuwa nimepatwa na ganzi tayari. Mnajua mdomo ukitoka kwa daktari wa meno? Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi kitu. Ndivyo nilivyokuwa mwili mzima. Nilidhani itapita baada ya wiki.

Mwaka uliofuata akagombea udiwani. Uraia alikuwa nao, na ujasiri hakuwahi kuukosa. Wale aliowapokea wakaja kutoka Plano, kutoka Mansfield, kila Jumamosi. Kura hawana pale, lakini miguu wanayo. Kiprop, ambaye sasa alikuwa na malori yake mwenyewe, alipigilia mabango kwenye kila uzio ulioruhusu. Ule msemo wa siku moja na wewe utasimama na mimi, haya, siku ilikuwa imefika. Na mimi nikapika.

Mpinzani wake alikuwa mwuza matrekta ambaye babu yake alizaliwa pale. Wiki moja kabla ya kura wakakutanishwa kwenye ukumbi wa zimamoto wajibu maswali. Mwuza matrekta hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa upole tu, "Bwana Ondimu, tunakuheshimu. Lakini niambie, nyumbani kwako hasa ni wapi?"

Ondimu akasimama. Namjua mtu huyu, alikuwa ameshalipanga jibu tangu ile kofia. Akasema, "Mtu nyumbani kwake ni pale alipomlaza mama yake. Mimi wangu nimemlaza katika udongo wa mji huu. Mmoja wenu alivua kofia. Sina pengine pa kwenda."

Yule mzee mfugaji, aliyekuwa nyuma, akaanza kupiga makofi, wakafuata wote. Wakenya wetu walikuwa wanalia waziwazi. Nami nilipiga makofi. Mikono ilipiga yenyewe, nikawa naitazama tu. Nilikuwa nafikiria kile kipande kilichofagiliwa, nikijiuliza nani anakifagia sasa.

Akashinda.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Ilikuwa ile miaka ya gesi, kila mtu kusini ya Mansfield ameota ndoto ya gesi chini ya godoro lake. Kwetu ilikuwepo kweli. Kampuni ya gesi ikachimba nyuma ya ghala, taa zikawaka siku nyingi, kelele mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Pesa zikaingia. Mimi sikuzihesabu, sikuulizwa. Akanunua shamba la jirani upande wa mashariki, kisha la yule mzee mfugaji alipokwenda kuishi kwa mwanawe, kisha lingine. Akajenga lango la mawe lenye jina la ukoo wake juu. Watu waliokuwa wanamwita mwenyekiti wakaanza kumwita mheshimiwa. Hata Wazungu walijifunza kutamka Ondimu bila kukosea.

Mimi niliendelea na kazi. Aliniambia niache, nikakataa. Kule angalau mgonjwa akiumia anasema anaumia. Nikirudi nilikuwa nafagia kaburi. Hakuna aliyeniambia nifagie. Majani ya mwaloni yanaanguka, nami nachukua fagio, nafagia, naingia ndani. Nilikuwa nikimwambia, "Mama, subiri." Sikujua namwambia asubiri nini, lakini nilimwambia.

Halafu, mwaka 2008, Ondimu akanitangazia wakati wa kifungua kinywa kwamba anauza. Shamba lote. Kampuni ya kujenga nyumba inataka ardhi kwa ajili ya mtaa mpya. Yeye anakwenda Houston, kuna majengo ya kupangisha ameyaona, kuna Waafrika wengi, na kuna watu wanamshauri agombee kiti kikubwa zaidi.

"Na Mama?" nikauliza.

Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, mpaka kwenye pembe, anapenda ifike kwenye pembe. "Hawawezi kujenga akiwa pale. Wakili amesema inawezekana kumhamisha. Kuna makaburi ya umma barabarani kule, pazuri, wanakata nyasi."

Ndugu zangu, nilihisi kitu. Baada ya miaka minne nilihisi kitu kifuani, cha moto, nikashika kiti. Ilikuwa furaha. Nilikuwa nimesahau inavyokaa.

"Basi si arudi?" nikasema. "Akishatolewa ardhini, kumweka barabarani na kumpandisha ndege tofauti yake ni nini? Arudi Nyamira. Nitampeleka mwenyewe. Nitachukua likizo. Wewe hutahitaji kufanya lolote."

Alitafuna. Akanitazama, na nikaona kama anataka kusema neno, halafu akaliacha. "Ukitaka, mpigie Mokaya," akasema, akanyanyuka kutafuta funguo za gari.

Nilimpigia pale pale. Huko ilikuwa jioni, nikasikia kuku na redio. Nikaongea kama msichana, maneno yanagongana. Nikamwambia Mama anakuja, shemeji, nimemshinda kaka yako, Mama anarudi upande wake wa kushoto, tayarisheni. Nikasubiri apige kelele.

Mokaya akazima redio.

"Unanisikia, shemeji?"

"Nakusikia, Mama Kemunto." Akapumua. "Kwani hamkuambiwa? Mama tulishamzika."

"Ulishamzika vipi? Mama yuko hapa, namwona dirishani."

Ndipo akanieleza, polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Mwaka 2006 wazee wa ukoo walikataa kugawa shamba la marehemu baba mkwe. Walisema hawagawi ardhi ya nyumba ambayo mama yake hajalala, kaburi la kulia limejaa na la kushoto liko wazi, watu watakufa. Kwetu mwili ukikosekana, hufanywa hivi: hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo za aliyeondoka. Wakalivisha gauni lake la Jumapili na kitambaa chake cha akina mama wa kanisa. Wakalilaza ndani ya jeneza. Watu wakakesha, wakalia, wakanyoa nywele, wakala. Wakamzika upande wa kushoto, pale pale alipokuwa akifagia.

"Basi mtafukua," nikasema. "Ni mgomba tu, Mokaya. Mtoe mgomba, tumweke mwenyewe."

"Shemeji, usiseme hivyo kwenye simu. Mtu hazikwi mara mbili. Nani ataingia kwenye lile kaburi na jembe? Mimi nina watoto. Wazee hawatamruhusu hata kuingia langoni. Kwetu Mama ameshalala. Huyo aliye huko..." Nadhani alikuwa analia. "Huyo aliye huko mzikeni vizuri."

Nikamwuliza nani aliwaambia wafanye hivyo bila kutuuliza.

"Bila kuwauliza? Kaka ndiye aliyesema tufanye. Alituma hata pesa za hema. Alitaka sehemu yake ya shamba iandikwe jina lake."

Nilikata simu. Nikakaa. Ondimu aliporudi jioni nilikuwa bado nimekaa pale pale, vyombo vya asubuhi viko mezani, na siagi imeyeyuka.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Na asubuhi ukaniacha nipige simu."

"Ningekwambiaje?" Akavua kofia yake, maana siku hizo alikuwa anavaa kofia kubwa kama ya wale wafugaji, akaiweka juu ya meza. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyechoka, mnene kidogo, mwenye mvi. "Nilifikiri akikwambia yeye utaumia kidogo kuliko nikikwambia mimi."

Nilitaka kumrushia sahani. Niliitazama sahani, nikapima umbali. Mkono haukunyanyuka. Nikazikusanya zote nikaziosha, kwa mkono.

Hivyo mama mmoja akampa mwanawe ardhi mara mbili. Mwili wake ulimpa Texas, gauni lake likampa Nyamira. Yeye mwenyewe ndiye aliyebaki bila mahali.

Walimhamisha siku ya Jumanne mwezi wa Oktoba. Ondimu alikuwa Houston kwenye mkutano. Aliniambia atajaribu kufika, nami nikamwambia asihangaike, barabara ni ndefu. Mkurugenzi wa mazishi alikuja na watu wake, wakafanya kazi kwa heshima, siwezi kulalamika. Nilifuata gari lao na gari langu, taa zimewashwa, mpaka makaburi ya barabarani. Nyasi zimekatwa kweli. Malori yanapita karibu, yanaelekea Fort Worth.

Mchimbaji alikuwa Mmeksiko wa makamo, mpole. Mashine yake ilikuwa tayari inanguruma, akaizima aliponiona natembea kuelekea kwake. Akasema kuna nafasi kadhaa safu ile, kama napenda ninaweza kuchagua.

"Mweke upande wa kushoto," nikamwambia.

Akatazama nyasi, akatazama safu za mawe pande zote, majina ya watu nisiowajua. Alikuwa anajaribu kunisaidia, nilimwona anajaribu.

"Kushoto kwa kitu gani, mama?" akauliza.

Niligeuka kutafuta. Kulikuwa na barabara, na uzio, na uwanja mtupu mpaka mbali. Mlango haukuwepo.

Nikamwambia achimbe popote.